Nilisema Nimeisahau Kwenye Daladala

Wadau, leo nataka kuungama jambo. Si kubwa kwa mizani ya mambo ninayoandika gazetini kila wiki, huko ambako ndugu wanauana kwa ajili ya kiwanja cha marehemu, lakini limenikaa kooni tangu mwaka 2019 na naona nisipolitoa sasa litazeeka na mimi.

Mwaka huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Chuo sitakitaja, na mliosoma nami naomba mnisitiri. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa sita, mitihani inanukia. Nilitoka maktaba kama saa nne na nusu usiku, begi mgongoni, na ndani ya begi kuna laptopu aliyoninunulia kaka yangu kwa kukopa Saccos ya kazini kwake. Kutoka maktaba hadi hosteli kuna barabara ya lami yenye taa, inazunguka, dakika ishirini. Halafu kuna njia ya mkato nyuma ya viwanja vya michezo, katikati ya majani, dakika saba. Hebu niambieni, nani anazunguka?

Walikuwa wawili. Mmoja alinisalimia vizuri tu, "Mambo, msomi," nami nikajibu "Poa." Nilipomaliza kusema poa nilikuwa nimeshapigwa kabali. Aliyenikaba hakuwa hata na haraka, alikaba kama fundi aliyezoea kazi yake. Mwenzake akachukua simu, akachukua pochi, akanivua begi. Kisha, na hili sijawahi kulielewa, akafungua zipu ya begi, akatoa madesa yangu ya mtihani wa Jumatatu, akayaweka kwenye majani mbele yangu na kusema, "Haya kasomee."

Mpaka leo sijui ile ilikuwa huruma au dharau.

Nilifika hosteli koo linauma, kola ya shati imechanika, madesa mkononi. Wenzangu wakauliza, vipi, mbona hivyo? Nikawajibu kwamba nilikwenda mjini mara moja na kurudi, na begi nimelisahau kwenye daladala. Nikaongeza maneno mengi kuhusu konda na foleni, kama wafanyavyo waongo. Hakuna aliyeuliza habari ya kola. Labda hawakuiona, labda waliiona wakaamua kunisitiri.

Kwa nini nilidanganya? Sababu zipo, na zote ni za kijinga ukiziandika. Kwanza nilikuwa beki wa timu ya kitivo, na yule aliyenikaba alikuwa mfupi kuliko mimi. Pili, ile njia ilikuwa na sifa zake nyingine, ndiko wapenzi walikokwenda kuzungumza, kwa hiyo ukisema umekabwa pale swali la kwanza si "umeumia?" bali ni "ulikuwa na nani?" Tatu, kaka. Kaka alikuwa bado anakatwa mshahara kwa ajili ya ile laptopu. Kusahau ni bahati mbaya, lakini kupita porini saa nne usiku na mali ya mkopo ni upumbavu, na niliona afadhali aseme "mdogo wangu msahaulifu."

Kesho yake asubuhi nikaenda kituo cha polisi. Si kwamba ujasiri ulinijia usiku. Kitambulisho cha chuo kilikuwa kwenye pochi, na bila kitambulisho huingii kwenye chumba cha mtihani, na ili utengenezewe kingine lazima upeleke ile karatasi ya polisi ya upotevu wa mali, wenyewe tunaiita losi ripoti. Askari aliyekuwa kaunta akaniuliza bila kuinua kichwa, "Umeibiwa au umepoteza?"

Mnaoishi nchi hii mnajua uzito wa swali lile. Ukisema umeibiwa unafunguliwa jalada, unaandika maelezo, unapewa namba ya RB, unaambiwa urudi, ukirudi mpelelezi ametoka, urudi tena. Wakati ule ukisema umepoteza ulijaza karatasi, ukalipa, ukagongewa muhuri, ukaenda zako. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

"Nimepoteza, afande."

Nyuma yangu kwenye benchi walikuwepo wanafunzi wengine watatu. Nao walikuwa wamepoteza. Mmoja alikuwa na plasta juu ya jicho, lakini amepoteza. Kwa hiyo siku mtu akija kukusanya takwimu kutoka kwenye karatasi zile atagundua kwamba nchi hii haina kabisa wanafunzi wanaoibiwa, ila ina wanafunzi wasahaulifu kupita kiasi.

Hapo kama hadithi ingeisha, isingekuwa na maana ya kuwasumbua nayo. Haikuisha.

Jumatano iliyofuata, siku sita baadaye, msichana wa darasani kwetu alipita njia ile ile, na ilikuwa saa tatu tu usiku, mapema kuliko mimi. Ni yule aliyekuwa akikaa safu ya mbele na kutuazima kikokotoo sisi wa nyuma tuliokuwa tunakuja kwenye mtihani wa takwimu mikono mitupu. Yeye hakuachia begi. Akavutana nao. Wakamkata mkono wa kushoto na kitu ambacho hakukiona vizuri. Alishonwa nyuzi tisa, na vidole viwili havikunji sawasawa mpaka leo.

Tulikwenda kumwona hosteli, wanne, tumechanga biskuti na juisi. Alitusimulia yote, hana aibu, anasimulia kama anayeripoti. Mwishoni akasema, "Ningejua kuna watu pale nisingepita." Hakunitazama mimi. Alikuwa akituambia sote. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya juisi, nikafungua kifuniko, nikakifunga tena.

Nikanyamaza siku ile. Nikanyamaza siku zilizofuata. Nikamaliza chuo mwaka 2021 nikiwa bado nimenyamaza.

Miaka ikapita, nikapata kazi gazetini. Machi 2024 nilikuwa naandaa habari za kimataifa, kazi ambayo kusema kweli ni ya kutafsiri na kunywa chai, ikapita habari kwamba chuo kikuu kimoja cha Marekani, Liberty, kilichoko jimbo la Virginia, kimekubali kulipa faini ya dola milioni 14. Nikadhani ni kodi, au wameuza vyeti. Kumbe hapana. Kosa lao lilikuwa kwamba hawakuhesabu sawasawa uhalifu uliotokea chuoni kwao, hawakuutangaza inavyotakiwa, na hawakuwaonya wanafunzi pale walipopaswa kuwaonya. Faini ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kutozwa kubwa kiasi kile. Mwaka 2019, mwaka ule ule wa begi langu, chuo cha Michigan State kilikuwa kimetozwa dola milioni 4.5 kwa sheria ile ile.

Nikaacha chai ikapoa. Kuna nchi ambako kutomwambia mwanafunzi kwamba njia fulani ina wakabaji ni kosa la kulipia mamilioni?

Nikaanza kuisoma hiyo sheria. Imebeba jina la msichana, Jeanne Clery. Wazazi wake walikuwa na watoto wawili wa kiume waliokuwa wamesoma Tulane kule New Orleans, na Jeanne naye alikuwa aende huko huko. Lakini wakasikia kuna mwanafunzi wa kike ameuawa kule, wakasema mtoto wetu haendi. Wakamtafutia chuo kidogo, kizuri, chenye miti na majengo ya mawe, Lehigh, jimbo la Pennsylvania, si mbali sana na nyumbani. Kinaonekana salama. Mzazi gani asingefanya vile?

Tarehe 5 Aprili 1986, alfajiri, Jeanne alibakwa na kuuawa ndani ya chumba chake cha bweni. Alikuwa na miaka 19. Aliyemuua hakuruka ukuta. Alikuwa mwanafunzi mwenzake wa chuo kile kile, wala hawakuwa wakifahamiana. Aliingia kupitia milango mitatu ambayo ilipaswa kujifunga yenyewe, ila wanafunzi walikuwa wameizuia isijifunge ili wenzao waingie na kutoka kirahisi. Waliizuia kwa maboksi ya piza.

Baadaye wazazi wale, Connie na Howard, wakaja kugundua kwamba katika miaka mitatu kabla ya kifo cha binti yao kulikuwa na matukio 38 ya uhalifu wa kutumia nguvu pale chuoni, na hakuna aliyewaambia. Walikikimbia chuo ambacho habari zake zilisikika, wakampeleka mtoto kwenye chuo ambacho habari zake hazikusikika. Hapo ndipo niliposimama kusoma nikaenda dirishani kidogo.

Walikishtaki chuo, na fedha walizolipwa wakazitumia kuanzisha taasisi ya kupigania jambo moja tu, kwamba vyuo viseme. Pennsylvania ikapitisha sheria mwaka 1988. Mwaka 1990 ikawa sheria ya nchi nzima, ikasainiwa na Rais George Bush, yule baba, na mwaka 1998 ikapewa jina la Jeanne. Chuo kinachopokea wanafunzi wanaosomeshwa kwa fedha za serikali kuu kinatakiwa kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Oktoba kupita, kitoe hesabu ya uhalifu wa miaka mitatu iliyopita. Kikiwa na kikosi chake cha ulinzi, kinatakiwa kuwa na daftari la matukio ya kila siku, na matukio ya siku 60 za karibuni mtu yeyote anaweza kufika akaomba kuyaona. Yeyote, hata muuza karanga. Na likitokea jambo ambalo linaweza kujirudia, kinatakiwa kutoa onyo mapema.

Mapema ni neno gumu, wenyewe wamejifunza hivyo kwa damu. Tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo cha Virginia Tech, wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini kama saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza kwa wanachuo ilitumwa saa 3:26. Kama dakika kumi na tano baadaye muuaji yule yule alikuwa ameingia kwenye jengo la madarasa na kuanza upya. Jumla aliua watu 32. Mwaka 2008 sheria ikaongezewa kipengele cha kutangaza dharura papo hapo.

Najua kuna mdau anasema, wewe naye, Marekani hiyo hiyo ya bunduki madarasani ndiyo utufundishe usalama? Sisemi vyuo vyao ni salama kuliko vyetu. Hata hizo hesabu zao wapo wanaozichakachua, ndiyo maana ya faini. Ninachosema ni kwamba kule mwanafunzi akitaka kujua, kuna mahali pa kuuliza.

Na tusijifanye mambo haya ni ya mbali. Mwaka 2015 jirani zetu Kenya walipata somo ambalo sisi tulilisikiliza kwenye redio na kulisahau. Tarehe 2 Aprili, alfajiri, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Kikosi maalumu kikatoka Nairobi, na kazi ikaisha jioni.

Hilo kila mtu analikumbuka. Siku kumi baadaye, tarehe 12 Aprili, kabla hapajapambazuka, mitambo ya umeme ililipuka katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Umeme tu. Lakini waliolala pale walikuwa wametoka kuona picha za Garissa, na hakukuwa na sauti ya kuwaambia ni nini. Wakaruka madirishani. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, chuo cha Strathmore, Nairobi hiyo hiyo, kikafanya zoezi la kujiandaa na ugaidi, milio ya risasi na yote, bila wengi kujua kuwa ni zoezi. Mfanyakazi mmoja aliruka kutoka ghorofani, akafariki.

Garissa waliuawa na magaidi. Hawa wengine wawili hawakuguswa na mhalifu yeyote.

Kwetu sisi taarifa inasafiri kwa mdomo, na mdomo una mambo yake. Mwaka wangu wa kwanza kulitokea wimbi la laptopu kuibwa hosteli. Hakuna tangazo lililobandikwa, hakuna mtu aliyejua ni ngapi zimeibwa wala vyumba gani, ila uvumi ukawa umekamilika kabisa kwamba mwizi ni kijana wa nje anayeingia saa za jioni. Jioni moja akaonekana kijana wa nje kwenye korido. Alipigwa mpaka meno mawili yakatoka. Alikuwa muuza mayai ya kuchemsha, ndoo yake ya mayai iko pale mlangoni na pilipili yake. Wiki iliyofuata laptopu ziliendelea kuibwa kama kawaida. Baadaye akakamatwa mwenzetu wa ghorofa ya pili, mwanafunzi, mwenye kitambulisho halali kabisa, aliyekuwa akiwapigia hodi majirani kuomba chumvi ili ajue nani hayupo.

Ndiyo maana nikiona chuo kinajenga ukuta na kufunga kamera getini, napongeza, lakini nacheka kidogo. Mlinzi anakagua buti ya gari la mhadhiri kwa kile kifimbo chenye kioo, wakati mlango wa nyuma wa hosteli umewekewa ndala usijifunge. Kule maboksi ya piza, kwetu ndala.

Na ndala ile ina sababu zake. Aliyelala hosteli anajua maana ya kubebana. Chumba cha watu wanne kina wanane. Kitanda kimoja watu wawili, mmoja jina lake liko kwa msimamizi wa hosteli, mwingine "amebebwa" na wala hayupo kwenye kitabu chochote. Huyu hana funguo, kwa hiyo mlango lazima ubaki wazi. Korido nzima imejaa watu ambao hawapo, kwa hiyo sura ngeni haimshtui mtu. Na aliyebebwa akiibiwa atamwambia nani? Akaripoti kwamba ameibiwa kwenye chumba ambacho haruhusiwi kulala? Huyo ndiye mteja mzuri kuliko wote, na wezi wanamfahamu.

Wezi wanafahamu mengi. Wanajua siku bumu linapoingia kabla baadhi yetu hatujajua. Ndani ya wiki ile zinanunuliwa simu mpya, na ndani ya wiki ile ile njia za mkato zinachangamka. Waliopanga mageto nje ya chuo wana habari zao nyingine, maana huko hakuna mlinzi, mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine, na likitokea jambo chuo kinasema si eneo letu na serikali ya mtaa inasema hao ni watoto wa chuo.

Basi bwana, baada ya ile habari ya Liberty nikamwendea mhariri, nikamwambia nataka kuandika kuhusu chuo nilichosoma, matukio mangapi kwa mwaka, ya aina gani, maeneo gani. Swali rahisi. Akasema nenda, ukirudi na namba nakupa ukurasa mzima.

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi walinipokea vizuri, wakaniambia mambo ya ulinzi ni ofisi ya ulinzi. Ofisi ya ulinzi wakasema hawaruhusiwi kuongea na vyombo vya habari, niende uhusiano. Uhusiano wakasema niandike barua. Nikaandika barua, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, na nakala ninayo mpaka leo, imepokelewa kweli kweli. Nilipofuatilia mara ya tatu, kijana mmoja wa pale, nadhani tulipishana mwaka mmoja tu, akanivuta pembeni kwa wema kabisa. "Kaka, wewe ni wa hapa hapa. Unataka kuchafua jina la chuo wakati wa udahili?"

Sina ugomvi naye. Nilimwelewa kupita alivyodhani. Mimi mwenyewe nililinda jina la beki wa kitivo.

Na sikuwa nikidai mambo makubwa. Sikutaka faini za mamilioni wala mitambo ya kutuma ujumbe kwa sekunde. Karatasi moja ingetosha, ibandikwe kila Ijumaa pale palipobandikwa matokeo na matangazo ya vyumba. Wiki hii njia ya viwanjani wamekabwa wawili, hosteli ya pili zimeibwa laptopu tatu mlango ukiwa wazi. Bila majina ya watu. Mwanafunzi akiisoma ataamua mwenyewe kama dakika kumi na tatu za kuzunguka zina thamani.

Mzee mmoja mlinzi ndiye aliyenisaidia, na hakunisaidia kwa kuvunja sheria yoyote kubwa. Nilimkuta kibandani jioni nikitoka, nikamwamkia, akaitikia, akanikumbuka sura. Tukazungumza mpira. Nikamweleza nilichokuja kutafuta. Akacheka.

"Kitabu si hiki hapa, kijana wangu," akasema, akapiga daftari kubwa jeusi lililokuwa mezani, chini ya tochi. "Kila zamu tunaandika. Miaka yangu kumi na saba hapa hakuna aliyewahi kukifuata, zaidi ya sisi kupokezana."

Sikuomba kunakili, na sikumletea matatizo kwa kupiga picha. Nikamwuliza tu kama vya zamani vipo. Vilikuwepo, kwenye kabati la chuma nyuma yake, vimepangwa kwa mwaka, kingo zimeliwa na mende. Nikaomba cha mwaka 2019, mwezi wa sita, dakika moja tu mbele yake. Akanitazama kidogo kisha akanipa.

Ya yule msichana ilikuwepo, mistari minne, mwandiko mzuri. Mwanafunzi wa kike amejeruhiwa kwa kitu chenye ncha kali akipita njia isiyo rasmi, amepelekwa zahanati. Nikarudisha kurasa nyuma mpaka Alhamisi yangu. Nilijua sitajikuta pale, mimi ndiye niliyekataa kuandikwa, lakini nilitaka kuona. Zamu ya usiku, walinzi wanne, majina yao, tochi tatu, virungu vinne. Chini yake, kwa mwandiko ule ule: Hali shwari, hakuna tukio.

Nikamrudishia mzee kitabu chake. Akaniuliza kama nimepata nilichotaka, nikamwambia nimepata.

Ile habari haijatoka mpaka leo, maana sikurudi na namba na mhariri alishanieleza sharti lake. Lakini wiki iliyopita nilitafuta namba ya yule msichana. Anafanya kazi halmashauri moja kanda ya ziwa, ameolewa, ana mtoto. Nilipiga simu badala ya kuandika ujumbe, kwa sababu nilijua nikiandika nitaanza kupamba.

Nikamwambia. Alhamisi, kabali, madesa, daladala. Akakaa kimya muda ambao niliangalia simu nikidhani mtandao umekatika.

"Kwa hiyo wewe ulishajua," akasema.

"Ndiyo."

"Siku sita."

"Ndiyo."

Nikasikia mtoto analia upande wake, akaondoka kidogo, akarudi. Nilimwomba msamaha, akasema sawa, kwa sauti ambayo sijui bado niipokee vipi. Nikamwuliza kama naweza kuandika habari hii bila kumtaja jina. Akasema niandike, ila wilaya nisiitaje, wala kitu chochote ambacho baba yake akisoma atamtambua.

"Baba yako anasoma magazeti sana?" nikauliza.

"Anasoma kila kitu," akasema. "Yeye anajua mkono niliumia kwa kuanguka na bodaboda."